Theluthi Mbili

Kutaisi, saa tisa usiku. Hifadhidata imeanguka tena,
mara ya nne, na wodi ya wazazi inasubiri.
Tsiuri anamenya chungwa juu ya kibodi,
anahesabu kwa vidole:

kila herufi ya kwao hula baiti tatu,
nafasi tupu hula moja.
Faharasa hukata kwenye sitini na nne. Haiulizi.

Kichanga kapewa majina matatu,
moja la bibi aliyezikwa Jumanne.
Kisu kimepita katikati ya herufi ya ishirini na moja:
theluthi mbili zimebaki, hazisomeki,
na mashine, ikiisaka theluthi iliyopotea,
inazirai.

Anaongeza kipimo. Anawasha.
Jina linaingia zima.

Kitufe cha nafasi kinanata maji ya chungwa.