Mafuta Mekundu

Riali saba.
Ndizo nilizotaka kuziokoa, nasema kweli,
riali saba na nusu saa ya kukaa gereji
nikimtazama Motaleb akipangusa mikono kwa tambara
na kunikaribisha chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi.

Nikasema: mimi mwana wa Nassor bin Ghusaini,
aliyekuwa akiifungua cherehani ya mama skrubu kwa skrubu,
akairudisha ikalia kama mpya;
bolti moja tu itanishinda?

Ijumaa, baada ya sala, Amirat.
Jua limekaa juu ya jabali kama mdai mlangoni.
Jeki, spana namba kumi na saba,
na karai la kuoshea mchele; Zuwena hakuniona nikilichukua.
Nikajilaza chali juu ya katoni, vigae vinanichoma mgongo.
Rayya, miaka tisa, amechutama,
tochi ya simu mkononi, kidevu juu ya goti.

Chini ya gari kuna bolti mbili.
Hakuna aliyenambia ziko mbili.
Nikaifuata iliyo karibu,
kama mgeni anayebisha mlango wa kwanza
kwa kuwa harufu ya wali inatoka.
Ikagoma. Nikaitajia jina la Mungu, nikaitajia na mengine
ambayo mtoto hakupaswa kuyasikia.
Ikalegea.

Yakatoka mekundu.
Mekundu, mepesi, masafi,
kama Vimto ya kufuturia,
hata mwanga wa tochi ukapita ndani yake.

"Baba, mbona mekundu?"

Hapo. Hapo ndipo.
Oili ya injini nimeiona maisha yangu yote: nyeusi ti,
kahawa iliyosahauliwa jikoni.
Na gari hili lina mwaka na nusu halijabadilishwa kitu.
Jicho likajua. Mkono ukajua, ukasita.
Ulimi tu ndio uliokuwa na heshima ya kulinda.
"Mafuta mazuri huwa hivyo," nikasema.
"Shika tochi sawasawa."

Nikafunga. Nikamimina lita nne mpya
juu ya lita nne za zamani ambazo hazikwenda popote.
Injini ikashiba kama mtu aliyekula harusi mbili,
giaboksi, maskini, ikalala na njaa,
nami nikanawa mikono kwa sabuni na sukari
nikaingia ndani nikipiga mluzi.

Jumapili, saa moja asubuhi, akaba ya Bausher.
Gari likapanda nusu ya jabali.
Injini inanguruma, magurudumu hayasikii,
moshi wa buluu nyuma yangu umeziba njia,
na Amirat nzima inayokwenda kazini, kwa adabu zao,
hakuna aliyepiga honi.
Walinipita wakiinua mkono, salamu alekum.
Bora wangepiga.

Motaleb alilala chini ya gari dakika moja tu.
Akatoka, hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.
Akainua vidole viwili: "Hii injini. Hii gia."
Kisha akaandika juu ya kipande cha katoni:
mia nne na themanini.
Na chai ileile, kikombe kilekile.

Wahenga wametuachia habari ya ufa na ukuta.
Hawakusema habari zangu mimi,
niliyeziba pasipokuwa na ufa.

Safari ya Salala, manyunyu ya hariifu tuliyowaahidi watoto,
imekuwa giaboksi.
Zuwena hakusema neno. Alilisugua karai mara tatu,
akalinusa, akalitoa nje, likawa la paka.
Mchele sasa unaoshwa kwenye sufuria, kwa kelele.

Doa kwenye vigae halitoki.
Kila asubuhi Rayya, mkoba mgongoni, analiruka,
hata ukingo wake haugusi.
Jana aliliruka, akasimama, akageuka.
"Mazuri kweli, Baba," akasema, uso mkavu,
na huko nje basi la shule
likapiga honi.