Mlima Upi?

Alikuja Jumatatu, mvua imeacha tope mlangoni,
Ligale, karani wa bohari la mahindi,
kitambi kimetangulia, yeye kafuata.
"Nataka baiskeli ya mlima. Daktari kasema."
Nikafuta grisi kwa gunia.
"Mlima upi?"

Akacheka, akidhani ni mzaha wa kina fundi.
"Si mlima ni mlima?"
Hapana. Kuna mlima wa kupanda
na kuna mlima wa kushuka,
hata kama ni kilima kile kile, jiwe lile lile.

Tazama hii yenye springi mbele na nyuma.
Ikikaliwa inabonyea kama godoro la hoteli.
Hii ilizaliwa kushuka.
Ipakie kwenye pikapu hadi ukingo wa Menengai,
iachilie kwenye yale mawe meusi yanayometa kama vigae vya chupa,
itakufikisha chini na meno yako yote.
Lakini kuipandisha? Kila ukikanyaga pedeli
springi inajimegea fungu lake kwanza,
kama makarani wa bohari.
Samahani.

Ile nyembamba, inue. Kwa vidole viwili, ndiyo.
Ni ya vijana wa mashindano, wale wa kaptura za kubana.
Inapanda kama mbuzi aliyeona mahindi.
Ikikutana na korongo, inalia,
nawe unalia nayo, sauti ya pili.

Hii ya tairi nene usiicheke.
Wanasema kwao ilitengenezewa theluji.
Huku theluji yetu ni vumbi la Solai mwezi wa pili,
laini kama unga wa ngano,
gurudumu la kawaida linazama hadi kwenye spoki.
Hii hupita juu yake kama kiboko,
polepole, na hakuna wa kuiambia sogea.

Ya betri sina.
Ningekuwa nayo nisingekuuzia:
daktari kakuandikia jasho, hakukuandikia stima.

Nikamshikisha hii ya katikati.
Springi mbele tu; nyuma chuma kikavu.
Mbele inakusamehe, nyuma inakukumbusha.
Kwa mtu wa Kiamunyi, mwenye miaka hamsini na miwili
na kilima ambacho hajakichagua bado,
hiyo inatosha.

Lakini macho yake yalikwisha kupanda ukutani.
"Na ile?"

Ile haiuzwi.
Haina springi, haina giya, breki zake ni fito za chuma.
Baba alishuka nayo kutoka Bahati kila alfajiri,
mitungi miwili ya maziwa nyuma,
akafika Bondeni bila povu kumwagika.
Springi zilikuwa magoti yake.
Yalipokwisha, nilizunguka mji mzima:
hakuna duka lenye spea.

Ligale akalipa nusu, akaahidi nusu.

Akarudi baada ya wiki mbili, anaisukuma,
masikio yamejaa vumbi la jivu,
mnyororo unaning'inia kama utumbo wa kuku.
"Ulifika juu?"
"Nilifika kwenye mikaratusi. Halafu nikasukuma."
Kusukuma nako ni aina, nikamwambia,
tena hiyo haina bei.
Nikachomoa mwiba wa mgunga tairini,
mrefu kama sindano ya kushonea magunia,
nikamwekea kiganjani. Akautazama
kama mtu aliyepewa stakabadhi.

Kisha akaitazama tena ile ya ukutani,
kwa muda mrefu.
"Mzee alikuwa anasimamaje kwenye mteremko ule,
na mzigo wote ule, na fito hizo?"

Sikumjibu.
Nilikuwa napiga pampu,
na pampu yangu ina kelele.