Kiti cha Katikati

Do-yun alishuka Izmir na begi moja, na kibodi
aliyoipakata kwenye teksi kama mtoto mwenye homa.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu hakungoja. Jioni ile ile
alikalia kiti changu, akakishusha vidole vitatu;
mlio wa kile chuma kikiteremka
nausikia hadi leo.

Nilikuwa nimekikalia misimu minne.
Nurcan, meneja, alinipa chai kwanza, ndipo habari.

Kituruki chake kilikuwa maneno matano:
rudi, subiri, sasa, asante, kaka.
Kwa hayo matano tuliwachapa Ankara
waliozoea kutupiga kama ngoma kila Alhamisi.
Ukumbi ukaimba jina lake, ukilikosea.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Kweli, tumepona.
Ligi nzima haina usingizi, kila klabu ina Mkorea wake,
na mimi wa benchi nina mkono mwepesi
kuliko nilipokuwa na namba.
Ila Tunahan wa akademia, miaka kumi na sita,
alinisimamisha kwenye ngazi:
“Kaka, wageni wanaruhusiwa wawili.
Sisi tumebakiwa na viti vingapi?”
Hesabu naijua. Nikafunga kamba za viatu.

Usiku wa manane nilimkuta Do-yun jikoni
anakula wali uliopoa, mama yake kwenye simu,
kwao kumeshakucha.
Akanisogezea bakuli.
“Kaka,” akasema, kisha akatafuta neno la sita.
Hakulipata.
Nikala.