Hodi ya Reijo Alatalo

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri,
mjini Kemi, ambako Juni usiku hausumbuki kuja,
simu moja huamka dirishani, mtaa wa nyuma ya reli,
ikaanza safari isiyo na miguu.

Kwanza huuliza njia.
Haijui kiwanda kiliko, inajua jina tu,
lile linaloning'inia mkiani mwa anwani ya barua pepe.
Daftari kubwa la majina huijibu kwa tarakimu,
bila salamu.

Kisha mlango. Si wa nyumba, ni wa ua,
kwa bawabu asimamaye nje mwaka mzima
kupokea sauti na kuipeleka ndani
pasipo kumfungulia mtu.
Hapo, kabla ya kujitaja, simu hudai muhuri wa mwenyeji:
cheti kiko wapi, nani kakitia sahihi, kinaisha lini?
Ndiyo adabu ya mashine, mgeni humkagua mwenye nyumba.
(Mwaka juzi nilisahau kukihuisha.
Simu mia tatu na kumi na mbili zikasusia kizingitini,
na Pentti, msimamizi wa zamu, akanipigia nyumbani
akanitukana polepole, kama asomaye orodha ya vipuri.)

Hodi.
Nani?
Mimi.
Mimi nani?

Hutoa tiketi. Nywila haisemwi kila siku;
ilisemwa mara moja, kwa kidole cha mwenyewe,
na tangu hapo tiketi huzaa tiketi.
Seva huipokea, huigeuza, hutazama saa.
Karibu.
Nukta ya kijani huwaka kando ya jina:
Reijo Alatalo, fundi, mashine ya tatu.
Yupo.

Hayupo.
Tulimzika Machi, ardhi imeganda
hata ikabidi kuipasha moto siku mbili ndipo ikubali jembe.
Nilibeba jeneza upande wa kushoto.

Akaunti yake nilipaswa kuifunga wiki ileile.
Fomu ninayo. Inataka sahihi na tarehe, basi.
Badala yake nilikwenda kwa Irmeli, mkewe,
na sentensi niliyoitunga njiani.
Simu ilikuwa kwenye chaja, karibu na miche ya nyanya.
"Kengele yake hulia," akasema. "Naiacha ilie kidogo."
Hakujua kuwa kengele ikinyamaza simu hutoka,
hubisha, huingia kazini.
Tulikunywa kahawa.
Sentensi nilirudi nayo.

Chumba cha mitambo wote wanaiona ile nukta.
Hakuna aitajaye.
Ila Mei, kwenye kumbukumbu za seva
(yaliyoandikwa siyasomi, naona tu nani kamwandikia nani)
palikuwa na ujumbe, saa nane usiku,
kutoka kwa Pentti kwenda kwa Reijo.
Herufi kumi na nne.
Umefika. Haujasomwa.

Seva siilaumu. Huulizwa jambo moja tu,
ufunguo unaingia au hauingii;
mkono ulioushika una joto au hauna
si swali lililomo.

Kanuni niliiandika mimi:
nywila huishi siku tisini.
Reijo aliibadili yake siku nne kabla ya moyo wake kusimama,
akanung'unika, kama kawaida, kwamba namchosha.
Jana usiku siku zimetimia.

Leo simu itapiga hodi na tiketi iliyokufa.
Itarudia. Itarudia tena.
Hodi ni tatu, asiyeitikiwa huenda zake,
na nukta itageuka kijivu mbele ya watu wote wa zamu.

Kuna kisanduku kwenye skrini yangu,
kidogo kuliko punje ya mchele:
*nywila hii isiishe muda.*
Nimekaa mbele yake tangu saa kumi.
Mkaguzi akikikuta nitaeleza nini?

Kumi na moja na thelathini na tisa.
Huko dirishani kengele imeshalia,
na Irmeli, nadhani, ameiacha kidogo.

Hodi.