Ukuta wa Ghala, Mishomoroni

Miaka kumi na minne ukuta ule ulikuwa na kauli moja:
USIKOJOE HAPA. FAINI MIA TANO.
Rangi nyekundu, herufi zimekwenda upogo,
na chini yake, kila alfajiri, michirizi mibichi.
Hakuna aliyewahi kulipa.

Karai langu liko hatua ishirini toka pale.
Nakaanga viazi, nafukuza nzi, nastahimili.
Ndipo Jumanne moja akaja Nyevu binti Tsuma
na ngazi ya kuazima, makopo saba na fagio.
Hakuchora siku ile. Alifagia, akamwaga dawa.
Kesho yake akapaka chokaa, mkono wa kwanza, mkono wa pili,
hata ukuta ukawa kanzu ya Idi
na sote tukaogopa kuuegemea.

"Wachora nini?"
"Mnayoyajua," akasema, "ili mnikosoe."

Basi tukamkosoa.

Shee Famau, muuza boriti, alitoka bandani na kipande cha mkate mdomoni:
Huu ni mchu au ni mkoko? Chagua!
Mkoko husimama kwa magoti.
Mchu mizizi yake huchungulia juu ya tope
kama kalamu za watoto waliozama na daftari zao.
Nyevu akafuta. Akachora upya.

Bi Mbeyu alikuja kwa ajili ya wanawake wachezao.
Akapitisha kidole kwenye marinda, moja, mbili, tisa, akaguna.
"Marinda ya hando hayahesabiki.
Ukiweza kuyahesabu, umechora sketi."

Watoto wa madrasa wakaleta kaa ndani ya kopo la siagi, awe kielelezo.
Kaa akakimbilia chini ya jiko langu.
Nilicheka, viazi vikaungua, nikavila mwenyewe.

Kisha buluu ikaisha, maji hayajafika ukingoni.
Dukani wataka elfu mbili na ushei.
Nikampa pakiti zangu za buluu ya kufulia,
ile nitiayo kwenye kanzu za marehemu,
ambazo hadi leo nazifua, sijui namfulia nani.
Akaikoroga na gundi.
Ndiyo ile rangi ya mkondo, pale kushoto.
Mkinunua viazi, itazameni.

Siku ya nguva, hakuna aliyekosoa.
Shee alitazama viatu vyake.
Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona;
alichorwa kwa "wasema", kwa "babu alisikia",
na Nyevu akamwacha bila jicho siku tatu
akingoja mtu ajitokeze.

Usiku wa kwanza baada ya ngazi kuondoka
mwanamume mmoja alikuja, akasimama, akafungua zipu.
Mdiria wa rangi alikuwa akimtazama kutoka tawini.
Akafunga zipu. Akasema, "Samahani."
Nilisikia kwa masikio yangu.

Masika ukuta ukatoka jasho, chumvi ikafura chini ya rangi,
na ile nyekundu ya zamani (aliyeikoroga hakuwa mwanagenzi)
ikaanza kupenya.
USIKOJOE ilibaki tumboni mwa nguva.
Faini ilizama topeni, kwenye mizizi ya mchu.
Neno moja tu likatokeza,
chini ya nyayo za wanawake wa hando, upogo vilevile:
HAPA.

Nyevu akaja mbio na brashi.
Safari hii hatukubishana.
Liache, tukasema, hata Shee.
Akalitazama kitambo, akafunga kopo.
Nikampimia viazi vya hamsini, ukwaju mwingi,
na pesa zake nikazikataa.