Dirisha Kavu

Jengo lilitoka kwenye kompyuta likiwa limeoga,
limejipaka mafuta, halina hata chunusi.
Ghorofa tisa za vioo, na juu yake anga
ya buluu ambayo Greenock haijaiona tangu niwasili,
na huu ni mwaka wa sita.

"Watalichukia," alisema Catriona. "Linang'aa mno.
Watu wa hapa wanaogopa kitu kilichokwisha kuamuliwa.
Lipake rangi ya maji. Rangi ya maji
huonekana kama bado tunafikiri."

Nikaketi. Nje mvua, ile isiyonyesha wala kuacha,
inayosimama hewani kama mgeni aliyekosa kiti.

Nilianza na anga. Nikalizimua
kama mama alivyozimua tui: la kwanza zito,
la pili, la tatu, hadi likabaki jina la nazi tu.
Ukurasa nikautia chembechembe za karatasi
ambayo haijawahi kuwa mti.
Kingo za kuta nikaziamuru zitetemeke,
asilimia kumi na nne;
ukizidisha, jengo linaonekana limelewa.
Mto Clyde niliuacha ulivyo,
kijivu chake tayari kimechanganywa.
Kisha madoa mawili, pembeni, kama ya brashi
iliyoponyoka mkono wa mtu aliyechoka.
Brashi haikuwapo. Mkono haukuwapo.
Uchovu ndio uliokuwa wa kweli.

Watu nikawayeyusha:
mwenye mwavuli akawa mkato wa wino,
mtoto na baiskeli yake wakawa moshi wa zambarau.
Kikabaki kivuli. Saa nane mchana, Januari,
kirefu, cheusi, kimelalia nyumba za mawe
za ng'ambo ya barabara.
Kitelezi kimoja tu, kushoto kidogo,
na kivuli kikawa hali ya hewa.

Alhamisi tulizitundika picha katika ukumbi wa kanisa
unaonuka sufu mbichi na chai.
Watu wakalainika. Mmoja alisema, "Angalau lina roho,"
na Catriona akanifinya kiwiko.

Bi Isobel Rankine alikuja mwisho, na miwani mbili,
moja machoni, nyingine kifuani.
Akaweka ukucha juu ya picha, akautembeza
polepole, kama anayechambua mchele.
"Niko wapi?"
Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia basi.
Nyumba ya pili, juu kabisa, dirisha la jikoni.
Nilikuwa na majibu: mtindo, upole, hisia.
Nikasema, "Hapo penye unyevu."
Akapatazama penye unyevu.
"Mwezi huu jua huingia saa nane," alisema,
"hukaa juu ya birika dakika arobaini.
Halafu huenda."

Tunasema macho hayana pazia.
Lakini fundi pazia ni mimi, na nalipwa kwa saa.

Usiku ule sikufuta kitu. Sina ujasiri huo,
na kodi ya nyumba hulipwa tarehe mosi.
Nilichofanya ni kuchimba, tabaka baada ya tabaka,
chini ya ukungu wangu mwenyewe,
mpaka nikalifikia dirisha moja, dogo kama choroko.
Nikalitoa majini, nikalikausha.
Kingo nne zilizonyooka. Birika. Njano kidogo.
Na kona ya juu kushoto, wembe mweusi wa kivuli,
mahali pake hasa, saa yake hasa.

Asubuhi Catriona alisogeza pua hadi kwenye skrini.
"Hapa pamebaki pakali. Hapa tu. Kwa nini?"

Nje mvua ilikuwa imepata kiti.

"Nilisahau kulichovya," nikasema,
na kidole changu kikaituma picha kwa mchapaji.