Hodi, Mlango 3868

Saa nane usiku, Naryn.
Nje ni digrii ishirini na nne chini ya sifuri.
Ndani feni za mitambo zinavuma
na mimi nimevaa koti la kaka yangu, mikono mirefu mno,
naikunja kila nikitaka kuandika.

Ruta ya zamani iko sakafuni, kebo zimeng'olewa.
Mpya inawaka taa za kijani na haijui mtu.
Kazi yangu ni kuifundisha kubisha hodi.

Ni hivyo tu, ukiondoa maneno makubwa ya mwongozo:
kabla simu ya mchungaji haijafungua hata picha moja
ruta iulize Bishkek, Huyu nani?
Ikijibiwa, iulize tena, Ana kiasi gani?
Ipimiwe kibaba cha data,
kikiisha irudi na bakuli.

Nikaandika anwani ya seva. Nikaandika mlango, 3868.
Nikaandika jina la ruta, na milki inakotoka,
herufi kwa herufi, kwa vidole vyenye ganzi.
Nikabonyeza.

Hodi.
Jibu likarudi kabla sijapuliza viganja:
3010.
Yaani, Sikujui.

Nikasoma upya. Nikahesabu nukta.
Nikampigia Emilbek makao makuu, anatafuna kitu.
"Sisi huku tunamjua Toru tu."
Toru!
Farasi wa mzee Asanbai, fundi aliyekuwa hapa kabla yangu.
Mzee alistaafu, farasi akauzwa,
jina likabaki kwenye orodha ya Bishkek
likiitika kila sekunde thelathini, miaka kumi na mmoja:
Upo? Nipo.
Upo? Nipo.

"Ipe hiyo mpya jina la Toru, tukalale."
Nikakataa. Sikuwa na sababu ya kifundi.
Labda ni kwamba mwaka wa pili huu
mimi mwenyewe naitwa "yule wa badala ya Asanbai".
"Sajili jina jipya. Nasubiri."
Akaguna. "Dakika arobaini."
"Nasubiri."

Sasa, kuna swali ambalo mwongozo unalipita mbio:
seva isipojibu, ruta ifanye nini?
Ikatishe, au iendelee?
Neno moja, mstari wa ishirini na sita.
Mwongozo unasema katisha, kampuni haikopeshi.
Nikakaa na mstari huo
mpaka chai ikatanda ngozi juu.
Nikaandika: endelea.

Kwa dakika arobaini mlima mzima ulizungumza bure
na hakuna aliyeambiwa.

Saa tisa kasoro dakika tano, Emilbek: "Jaribu."
Hodi.
2001.
Karibu.

(Jina lenyewe? Kanishai-1. Msinicheke.)

Siku mbili baadaye akaja mtu kwenye dirisha la wateja,
theluji kwenye buti, simu imefungwa kwa leso.
Sadyr, anatoka juu, kwenye mazizi.
Usiku ule alikuwa macho, kondoo walikuwa wanazaa.
Binti yake yuko Novosibirsk, naye alikuwa macho,
mtoto anaota meno.
"Nilikuwa na som tatu," akasema. "Tatu tu.
Tukaonana uso kwa uso mpaka mkono ukachoka kushika simu.
Asubuhi natazama salio, som tatu ziko palepale.
Nadaiwa kiasi gani?"

Na noti keshaiweka juu ya meza, ameinyoosha.

Nikatafuta. Nikatafuta kweli, si kwa kujifanya.
Kati ya saa nane na robo na saa tisa kasoro
hakuna kitu: si jina, si kipimo, si sekunde moja.
Nikageuza skrini aone mwenyewe.
"Mzee, usiku huo haupo kwenye rekodi."

Akaitazama skrini kwa muda, kisha akanitazama mimi
kama mtu anayehurumia.
"Haiwezekani," akasema.
"Meno mawili. Ya chini.
Nimeyaona."